Sikuwa Naoga Juu ya Paa

Najua habari mmeshaipata. Swahiba wangu hakulala, kazi kuwatangazia watu kwamba nimeonekana juu ya paa nikioga uchi mchana kweupe. Nakanusha. Uchi, sawa. Kuoga, hapana.

Paa letu ni la zege, bapa, lina kijiukuta pembeni na tundu moja tu la kutolea maji. Mvua ilikatika wiki iliyopita, lakini dari ya chumbani iliendelea kunidondoshea matone usoni. Nikampigia fundi. Akauliza maji yamefika wapi. Nikasema kwenye vifundo vya miguu.

"Sentimita 10 hizo. Kila mita moja ya mraba imebeba kilo 100. Paa lako ni mita za mraba 30, piga hesabu."

Nikapiga. Tani 3, juu ya kitanda changu! Akaongeza kwamba paa likielemewa hubonyea, na likibonyea hukusanya maji mengi zaidi. Nitamsubiri vipi mtu aliyeniambia hivyo? Nikapanda na bukta na ndala.

Huko juu sakafu ina ukoko wa kijani, na viluwiluwi wananing'inia kichwa chini, mkia juu, wanavuta pumzi. Mbu huchukua siku 7 hadi 10 hivi kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo darasa lile lilikuwa karibu kuhitimu.

Nikazamisha mkono tunduni, nikavuta majani, mfuko wa plastiki na manyoya ya njiwa. Bomba likakohoa. Maji yakaanza kuzunguka. Nikasimama nijipongeze.

Wanaosema kuteleza si kuanguka hawajapanda paa langu. Mguu wa kushoto ukaondoka. Wa kulia ukaufuata kwa adabu zote. Nikaona mawingu. Nikaona dirisha la ghorofa ya jirani, na swahiba ndani yake, simu mkononi. Ndala ikapita mbele ya uso wangu. Kisha makalio yakatua, puu, juu ya tundu lilelile.

Bomba likanivuta. (Wewe unayecheka, nakuona.) Tani 3 za maji zinataka kupita na mlango nimeukalia mimi. Nikajisukuma kwa mikono yote miwili: mimi nikatoka, bukta ikabaki. Nikaitazama ikimezwa. Pindo likaingia. Mfuko ukaingia. Kamba ikazunguka, ikasita kidogo kama inayotaka kusema neno, ikazama.

Kijiukuta chenyewe kinaishia magotini. Madirisha ya jirani yote wazi. Nikalala kifudifudi majini na wahitimu wangu, nikiomba maji yasipungue. Yakasikia! Bukta ilikwama kwenye kona ya bomba.

Basi, fundi akaja, akanirushia turubai, akakata bomba pale chini. Maji yote yakamwangukia swahiba, aliyekuwa ameteremka kurekodi kwa karibu. Simu haijawaka hadi leo, ndiyo maana mnasimuliwa kwa mdomo tu.

Fundi atarudi kuweka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, wavu kwenye tundu, na tundu la pili la dharura. Nimemwambia hayo yote ayafanye apendavyo, ila kwanza akiinue kile kijiukuta hadi kifuani.