Kishale Kimekwama Ng'ambo

"Mwanangu, kompyuta zimeingiliwa," mama mwenye stesheneri alianza hata kabla hajaitikia shikamoo yangu. Hapa Tanga neno hilo halichezewi. Nikabeba bisibisi, ambayo siku ile haikupata kazi yoyote.

Mezani kwake kuna kompyuta 3 zinazotumia kibodi moja na mausi moja kupitia Barrier, programu ya bure. Ya kaunta ndiyo seva, maana kibodi na mausi vimechomekwa pale; ya skana na ya printa ni klayenti, yaani zinazoongozwa na seva. Kishale cha mausi kikigusa ukingo wa skrini, kinavukia ya jirani. Asubuhi ile kilivuka kulia kwenda kwenye skana, kikagoma kurudi. Mteja wa picha za pasipoti alikuwa ameshavaa koti la duka, lile moja linalomwenea kila mtu kwa sababu mgongoni linabanwa kwa pini za nguo, jasho linamtiririka.

Kumbe kijana wa dukani aliandika mpangilio wa skrini kwa mkono kwenye faili, na humo kila njia huandikwa peke yake. Aliandika kwamba kulia kwa kaunta kuna skana. Kwamba kushoto kwa skana kuna kaunta, hakuandika. Kishale kikawa na tiketi ya kwenda tu.

"Si inajulikana, kaka?" akaniuliza.

Na binadamu, ndiyo.

Kukirudisha si kazi, wala usikimbilie kuchomoa nyaya. Mausi bado inatii hukohuko iliko, kwa hiyo itumie kuisimamisha Barrier ya mashine ile. Kishale kinarudi kwenye seva papo hapo. Kisha nikaachana na lile faili, nikapanga skrini kwa kuziburuta kwenye gridi ya programu, ambayo huandika njia zote mbili.

Umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikazigawia kompyuta anwani za mtandao upya, klayenti zikawa zinabisha hodi kwenye anwani ya zamani ya seva. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuitengea seva anwani moja isiyobadilika. Ikishindikana bado, tazama faiawoli, ukuta wa ulinzi wa Windows: mtandao ukiwekwa kuwa wa hadharani, mlango wa mtandao ambao Barrier hupitia, TCP 24800, unaweza kuzibwa.

Kila kitu kikaungana, ila sasa kishale hakivuki kabisa.

"Si nilikwambia?" mama akasema, kama aliyeshinda kesi.

Nikamwomba asiguse kitu. Daftari lake la madeni, nene, lilikuwa limelalia kona ya juu ya kibodi. Kila akilifunua, linabonyeza Scroll Lock. Kwenye Barrier, kitufe hicho hukifungia kishale kwenye skrini kilipo mpaka ukibonyeze tena.

"Tulisogeze, mama."

"Daftari haliondoki hapo."

Basi, kwenye mipangilio ya seva, sehemu ya Hotkeys, yaani vitufe vya mkato, nikaipa amri ya kufungia kishale vitufe vingine. Ukishafanya hivyo, Scroll Lock inapoteza mamlaka yake, hata ikilaliwa na gunia.

Ufundi ulikuwa elfu 30. Mama akalifunua lile daftari, akalamba kidole, akafika kwenye jina langu: rimu 2 za karatasi, elfu 26.