Mwizi wa mavi ya dende

Saa nane za usiku, Bukavu, nimejibanza nyuma ya pipa na tochi mkononi, namvizia mlinzi anayeniibia mavi.

Nilikuwa napima jinsi dende wanne (wengine huwaita simbilisi) wanavyomeng'enya majani ya tripsakumu, nyasi za malisho: siku 7 za kuwazoesha, siku 5 za kukusanya. Unapima majani unayowapa, unatoa mabaki, unakusanya mavi kwenye sinia chini ya waya, unayakausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Kinachoponza wengi ni majani kunyauka yenyewe. Mimi nilitundika fungu la pembeni lisiloliwa na yeyote, nijue maji yaliyopotea. Nikajiona fundi.

Dende mmoja alikuwa na kidonda sikioni, nikamvalisha kola ya katoni asijikune. Wote walikula gramu 40 hivi kwa siku, uzito mkavu. Wa kola akatoa mavi gramu 24. Wenzake 18, 17, 18.

Gramu sita zinakwenda wapi? Nikaikumbuka bustani ya mlinzi, lengalenga (mchicha) zilivyonawiri. Na mbona haligusi sinia la wa kola? Anaogopa kidonda, basi! Nikamfokea mbele ya watu. Yule mzee mlinzi akafunga vifungo vya koti lake, kimya.

Sasa namulika. Mlinzi hayupo. Dende wa kwanza anajikunja, kichwa katikati ya miguu ya nyuma, anainuka anatafuna. Kwenye kizimba hamna hata jani. Wa pili vilevile. Wa kola anajaribu, katoni inamzuia.

Nilikuwa nimeyasoma haya darasani! Bakteria wa utumbo kipofu hutengeneza protini na vitamini B, lakini utumbo huo uko nyuma ya utumbo mwembamba, ambako chakula hufyonzwa. Kwa hiyo dende huvidaka vinyesi laini vikitoka tu, avipitishe mara ya pili. (Vitamini C hawezi kujitengenezea hata akila mara ngapi, mpe majani mabichi.) Kola yangu ndiyo iliyoharibu kipimo, na nilitaka kumfukuza mlinzi kwa sababu ya dende watatu wazima.

Asubuhi nikampelekea mlinzi kasiksi, pombe ya ndizi, nikamweleza yote mpaka vitamini. Akanywa taratibu.

«Dokta, hayo kwetu Kabare kila mtoto anayajua. Ungeniuliza. Wewe ulinifokea tu.»

Kisha akauliza kama yale yaliyokaushwa bado nayahitaji.