Hoja ya "mbona mimi sijaulizwa" ina ukweli wapi na wapi haina

Kila zikitoka kura za maoni, zile tafiti za kuhoji watu wachache ili kukisia wengi wanawaza nini, iwe Bongo iwe Kenya, la kwanza utakalosikia ni hili: mimi sijaulizwa, mtaani kwetu hakuna aliyeulizwa, hao watu elfu mbili wamewatoa wapi? Na wapo wataalamu wanaoijibu hoja hii kwa dharau kabisa, eti anayesema hivyo hajui hesabu. Mi naona kila upande una haki nusu, na inafaa tuelewane ni nusu ipi, maana hizi namba haziishii kwenye siasa tu, zinaamua hadi dawa ngapi ziende zahanati gani.

Tuanze pale ambapo mtaani tunakosea. Idadi sio tatizo. Ukichagua watu 1,200 kwa bahati nasibu ya kweli, jibu lako litacheza kama asilimia 3 juu au chini ya ukweli, ukiongeza wakawa 2,400 litacheza kama 2, yaani umefanya kazi mara mbili ukapata pointi moja tu. Na nchi iwe na watu milioni tano au sitini hesabu ni ile ile. Kwa Tanzania, ukihoji watu elfu mbili maana yake ni mtu mzima mmoja kati ya zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo kukaa miaka yote bila kuulizwa ni jambo la kawaida na halithibitishi kwamba namba zimepikwa.

Tena wingi unaweza kukudanganya vibaya. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi kama milioni 10 kwa posta, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza kwamba kwenye uchaguzi wa rais Landon anamshinda Roosevelt kwa asilimia 57. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyatoa sana sana kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na kipindi kile cha dhiki mwenye simu na gari alikuwa nani? Halafu kuna la pili ambalo watu husahau kulitaja, kwamba kati ya hao waliotumiwa, waliompinga Roosevelt ndio walikuwa na hamasa zaidi ya kujaza na kurudisha. Kwa hiyo kasoro zilikuwa mbili, nani kafikiwa, na kati ya waliofikiwa nani kakubali kujibu. Hii ya pili ndiyo inanisumbua zaidi.

Njoo kwetu 2015. Septemba mwaka ule, kabla ya uchaguzi wa rais, shirika la Twaweza walitoa utafiti wao wa Sauti za Wananchi, Magufuli wa CCM asilimia 65, Lowassa wa upinzani 25. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka. Oktoba NEC, yaani Tume ya Uchaguzi, wakatangaza 58.46 kwa 39.97. Sasa waliowatetea watafiti wakasema si mshindi walimpata? Kweli walimpata, lakini kwa Lowassa pengo ni karibu pointi 15, na hiyo haiwezi kuitwa bahati mbaya ya sampuli, ni kubwa mno. Kuna kitu kingine hapo. Muda unachangia, kampeni ziliendelea wiki kadhaa baada ya watu kuhojiwa. Lakini angalia pia sampuli ilivyojengwa: walienda nyumba kwa nyumba mwishoni mwa 2012, wakachagua watu wao Tanzania bara, wakawapa simu na chaja za sola, halafu wakawa wanawapigia watu wale wale. Mi naipongeza hiyo, kumpa simu asiye na simu ni njia ya kiungwana kabisa ya kuziba pengo. Ila kikundi kinazeeka. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, 2015 alikuwa na haki ya kupiga kura na kwenye kikundi hayupo, na kila mtu alijua vijana wale walikuwa moto kiasi gani na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Lowassa. Na jingine, anayekupigia jina lako analijua na kwako alishafika, sasa unadhani kila mtu yuko huru kumwambia kwamba atampigia kura mpinzani?

Wengine husema basi simu tuziache, turudi mlango kwa mlango. Sawa, ukipiga simu unawakosa wasio nazo, unaikosa nyumba ambayo simu ni moja na iko mfukoni mwa baba, unawakosa wa kule mtandao unapokamatwa juu ya mlima tu. Lakini mlango nao una watu wake. Ukigonga saa nne asubuhi utamkuta mama, bibi na wagonjwa, bodaboda na machinga huwapati mpaka usiku, na ukienda kwa wenye nazo, Masaki au Oysterbay za Dar, unaishia kwa mlinzi getini. Kuna tafiti zinajitahidi, Afrobarometer kwa mfano, wanaohoji watu nchi nyingi za Afrika, wanaruka nyumba kwa hesabu maalum na wanapokezana mahojiano, hapa mwanamke nyumba inayofuata mwanaume, ili wasiishie kuhoji walioko karibu. Inapunguza, haimalizi. Na hizi hesabu za kuongezea uzito, yaani wanawake wakiwa wachache basi kila mmoja ahesabiwe zaidi, zinasaidia pale tu ambapo mwanamke uliyempata anafanana na yule uliyemkosa. Kama hawafanani umekuza kosa.

Kenya 2022 ndio mfano ninaourudia sana kichwani. Siku za mwisho kabla ya uchaguzi wa rais, makampuni ya utafiti yalitoa namba zao: Ipsos walisema Raila, aliyeungwa mkono na rais aliyekuwepo, 47 Ruto 41, Infotrak 49 kwa 41, TIFA 46.7 kwa 44.4. Matokeo yakatangazwa Ruto 50.49, Raila 48.85. Watu wakasema makampuni yamenunuliwa. Lakini ziangalie hizo namba taratibu: kura za Raila Infotrak walizipatia karibu pointi kwa pointi. Aliyekosewa ni Ruto, na kwenye utafiti huo wa Infotrak mtu mmoja kati ya kumi hakumtaja yeyote kati ya hao wawili. Ukichukua fungu lile lililonyamaza ukalipeleka karibu lote kwa Ruto unafika pale pale yalipofika matokeo. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, maana nani kajitokeza siku ya kura na nani kabaki nyumbani nayo inabadilisha hesabu, ila kwangu inaeleweka zaidi kuliko rushwa: mtu anayeona serikali iliyopo inamuunga mkono mgombea mwingine, akipigiwa na namba asiyoijua, atasema "sijaamua" na kukata simu.

Na isionekane ni mambo ya siasa tu. Miaka mingi maambukizi ya ukimwi barani kwetu yalikadiriwa kwa damu ya wajawazito wanaokuja kliniki, hasa kwa sababu ni rahisi, wapo pale na damu inatolewa tayari. Lakini mjamzito kwa hali yake ni mtu aliyefanya ngono bila kinga, kwa hiyo hawezi kuwa kioo cha wote, na kliniki nyingi zilizotumika zilikuwa mijini au kwenye barabara kuu. Kenya walipopima watu majumbani 2003 wakapata asilimia 6.7, chini sana ya makadirio ya nyuma, wanawake 8.7 na wanaume 4.6. Ushindi kwa nyumba kwa nyumba? Sio moja kwa moja, maana wanaume kama 3 kati ya 10 hawakupimwa, wengine walikataa wengine hawakuwepo, na dereva wa lori aliyeko Malaba, mpakani na Uganda, usiku ule ndiye hasa ulihitaji kumjua. Kliniki ilikosa wengi lakini ilikuwa inapima mwaka hadi mwaka kwa njia ile ile, hivyo ilionyesha vizuri kama hali inapanda au inashuka. Mi hapo ningezitumia zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Kuna swali Afrobarometer huliuliza mwisho wa mahojiano: unadhani nani katutuma? Na wapo wengi wanaojibu serikali. Tafakari hiyo, mtu kajibu maswali yote akiamini anaongea na serikali.

Halafu kuna upendeleo wa tafiti zenyewe kutoka au kutotoka. Julai 2018 Twaweza walionyesha kukubalika kwa Magufuli, aliyekuwa rais, kumeshuka, asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, halafu 55. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia barua kuhusu kibali cha utafiti. Zile za 96 hatukusikia barua. Mwaka ule ule Sheria ya Takwimu ikakazwa kwa watoa takwimu, 2019 ikalegezwa. Kama namba mbaya tu ndizo zinadaiwa kibali, hata sampuli safi kiasi gani haitatusaidia, kwa sababu tutaziona za upande mmoja.

Kwa hiyo anayesema sijaulizwa asipuuzwe, ila swali lake ligeuzwe kidogo. Kenya sheria ya 2012 inawataka wanaotoa kura za maoni za uchaguzi watangaze nani kafadhili, lini, na sampuli ikoje, na ni vizuri. Mi nataka na hii iandikwe pale juu kabisa na sio kurasa za mwisho: mmepiga namba ngapi, ngapi hazikupokelewa, wangapi walikata mliposema mnatoka wapi, na wangapi walipofika swali la kura wakanyamaza.