Boti ya Pemba na mtoto wa miaka miwili

Kila mtu ana ushauri wa mtoto asitapike baharini. Shoga yangu: mpe ndimu anuse. Mkwe: asile kitu. Wifi: ashibe hasa, tumbo tupu ndilo linalotapika. Haya, nimfuate nani? Tangu tung'oe nanga Malindi, bandari ya Unguja, mwanangu anakimbia baina ya viti na mimi nyuma yake, kiatu chake kimoja mkononi. Tulipopita Nungwi, upepo wa kusi ukaanza kuturusha, akatulia kimya. Nikasema alhamdulillahi. Kumbe! Akanitapikia buibui jipya, la Idi. Mifuko nilikuwa nayo, tena mitatu, yote chini kabisa ya begi, chini ya pampasi. Bibi wa kiti cha pili akanitazama: "Ungempa ndimu, mwanangu." Na Mkoani, bandari ya Pemba, hata hakujaonekana.