Nyumbani Wanapima Haraka, Uingereza Wanatunza Kumbukumbu

Nikilalamikia hospitali za Uingereza, ndugu zangu walioko Tanzania huona nimeshiba nikaanza kudeka. Unatibiwa bila kutoa hela mlangoni, mashine zipo, madaktari wamesoma, unataka nini tena? Nataka kuangaliwa tumbo, lenye uvimbe kwenye ovari, kiungo kinachotoa mayai. Mashine ikiwa jengo la pili na mimi niko jengo la kwanza nimeandikiwa paracetamol, hiyo mashine hainihusu.

Kwa ambaye hajaishi huku: hujipeleki kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake. Unasajiliwa kwa daktari wa mtaa, tunamwita GP, na asipokuandikia rufaa huendi popote, labda uwe wa kubebwa na gari la wagonjwa. Saa mbili kamili asubuhi simu zinafunguliwa, unasikiliza muziki mpaka sikio linapata moto, na anayekuuliza "tatizo ni nini?" ni karani wa mapokezi. Basi unanong'ona habari za hedhi na maumivu ya tendo la ndoa ukiwa umejificha stoo ya kazini. Ukipata nafasi, una dakika kama kumi.

Daktari niliyempata alikuwa na adabu mpaka inachosha. Alinipa pole, akapima mkojo, akapima mimba, akaniambia maumivu ya hedhi ni kitu cha kawaida kwa wanawake wengi. Safari nyingine ikawa tumbo lina gesi. Safari nyingine msongo wa mawazo, kwa kuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kisha vidonge vya uzazi wa mpango. Sina ugomvi na vidonge hivyo, vinasaidia sana kwa maumivu ya hedhi na vinazuia yai kupevuka, kwa hiyo vinapunguza ule uvimbe mpya unaotokana na yai. Ila uvimbe ambao tayari umekaa haviuyeyushi, na wangu ulikuwa umekaa.

Wala si mimi peke yangu, na wala si weusi peke yetu, ingawa ripoti za vifo vya uzazi za nchi hii zimeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba mwanamke mweusi yuko hatarini kuliko mweupe. Mwaka 2021 serikali iliomba maoni ya umma kuhusu afya ya wanawake England, majibu yakakaribia 100,000. Asilimia 84 ya waliojibu walisema wamewahi kukutana na wahudumu wa afya wasiowasikiliza. Wengi wao ni Waingereza wenyewe, wanaozungumza lugha yao, kwenye hospitali yao.

Sasa njoo nyumbani. Nyumbani sikuwahi kunyimwa ultrasaundi hata siku moja. Unaingia, unalipa, unakunywa maji mpaka kibofu kinataka kupasuka, unapakwa ile jeli ya baridi, na kabla jua halijazama umeshika bahasha ya kaki yenye picha na maelezo ndani. Bahasha ni yako, unaondoka nayo. Watu hatujui utajiri huo mpaka tufike nchi ambayo mara nyingi anayekupima hakuambii alichokiona, majibu yanakwenda kwa daktari, na wewe unasubiri ujumbe wa mstari mmoja kwenye simu.

Lakini kabla ya kufika kwenye hiyo bahasha, nilitibiwa UTI. Kisha UTI sugu. Kisha PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, dozi ya antibiotiki za kujaza mfuko, bila mtu kunigusa tumbo. Sijui ni mwanamke gani Tanzania aliyewahi kulalamika maumivu chini ya kitovu akakosa kuambiwa ana UTI. Shangazi yangu alisema ni chango. Daktari mmoja, mzee wa heshima zake, aliniuliza, "Binti, umeolewa?" Nikasema bado. "Ukizaa litaisha hilo." Nikamwitikia, "Sawa, baba," nikaondoka na maumivu yangu, maana mtu wa umri wa baba yako humbishii.

Picha ilipopigwa ikaonyesha uvimbe ovari ya kushoto, sentimita nne na kitu. Aliyeisoma akaniambia utaisha wenyewe. Hapo simlaumu, na ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Uvimbe mwingi wa ovari kwa mwanamke anayepata hedhi ni mfuko wa majimaji uliobaki pale yai lilipopevuka, na mara nyingi hupotea ndani ya mizunguko miwili mitatu. Kumkimbiza kila mwenye uvimbe wa aina hiyo chumba cha upasuaji ni kuharibu ovari za watu bure. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wenyewe unasema uvimbe wa maji matupu ulio chini ya sentimita 5, kwa ambaye hajakoma hedhi, hauhitaji hata kufuatiliwa, na kuanzia 5 mpaka 7 unapigwa picha kila mwaka.

Tatizo ni kwamba "utaisha wenyewe" haina maana yoyote kama hakuna atakayeangalia kama umeisha, hasa mtu akiendelea kuumwa. Mimi hakuna aliyeniambia rudi. Kituo cha afya kilichofuata nilinunua daftari jipya, tukaanza upya: mkojo, UTI.

Bahasha nilikuja nayo Uingereza, chini kabisa ya sanduku. GP aliitazama kidogo, akanirudishia. Ilikuwa na muhuri, jina langu, tarehe, vipimo vya sentimita, yote kwa Kiingereza safi. Haikuwa ya kwao, basi.

Kilichomgeuza ni namna ya kusimulia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu dada zangu wengi huku wanaumia kimya. Daktari wa Uingereza anakuuliza: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi? Mwanamke aliyelelewa nyumbani atasema tano. Kumi kwake ni uchungu wa kuzaa, na tangu anavunja ungo ameambiwa ajikaze. Anakaa kwenye kiti magoti pamoja, amechana nywele, amepaka mafuta, anatabasamu kwa heshima, anasema tano. Daktari anaandika tano. Jirani yake Mwingereza kaja na nguo ya kulalia anasema tisa, na wote wawili wanasema kweli.

Aliyenifumbua macho ni nesi mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi. Akaniambia, dada, achana na namba, mwambie inakuzuia kufanya nini. Nikaandika kila siku kwenye kitabu kidogo: tarehe, siku ya ngapi ya mzunguko, nilimeza nini, kilisaidia kwa saa ngapi, nini kilinishinda. Nilishindwa kumgeuza mzee kitandani, nikamwita mwenzangu. Nilishuka kwenye basi kabla ya kituo changu nikatapike. Nilimkwepa mume wangu mwezi mzima. Kumbe hata mwongozo wao wa endometriosisi, ule ugonjwa wa tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, wa mwaka 2017, unasema shajara kama hiyo inasaidia. Nilimsomea ukurasa baada ya ukurasa bila kutabasamu. Akaacha kuchapa kwenye kompyuta, akaniangalia. Alipoanza tena habari za kusubiri kidogo, nikasema kwa upole: naomba basi uandike kwenye rekodi yangu kwamba nimeomba ultrasaundi na umeona haina haja, pamoja na sababu. Rufaa ilitoka palepale.

Baada ya hapo ni kweli nilisubiri. Foleni ya magonjwa ya wanawake England ilikuwa na zaidi ya rufaa nusu milioni mwaka 2024, na lengo la kuanza matibabu ndani ya majuma 18 linabaki ukutani. Lakini nilipofika kwa bingwa, yule mama aliomba bahasha ya nyumbani kabla sijaitaja, kwa kuwa GP alikuwa ameandika kwamba ipo. Akaziweka picha mbili pamoja. Ovari ileile, uvimbe uleule, umekua, na ndani hauna maji matupu. Hapo hapakuwa na cha kubishana: uvimbe wa yai haukai miaka. Ulikuwa dermoidi. Aina hiyo hutokana na seli za mayai, ambazo zina uwezo wa kutengeneza karibu kila kitu mwilini, ndiyo maana ukipasuliwa hukutwa mafuta, nywele, hata meno. Nilitolewa kwa matundu madogo ya tumboni na ovari ikabaki. Habari za nywele sikuzipeleka kwenye kundi la familia. Ningezipeleka, leo tungekuwa tunatafuta nani kaniroga.

Jambo moja halina Uingereza wala Tanzania. Ovari yenye uvimbe mkubwa inaweza kujinyonga kwenye shina lake na kukosa damu. Maumivu huja ghafla, makali, upande mmoja, na mara nyingi pamoja na kutapika. Ikiwa upande wa kulia hufikiriwa kuwa kidole tumbo. Hapo husubiri rufaa wala saa mbili asubuhi, unakwenda dharura usiku huohuo na unataja kwamba una uvimbe, kwani ultrasaundi inaweza hata kuonyesha damu inapita na ovari bado imejinyonga.

Nikiulizwa wapi ni afadhali, kwa ugonjwa huu, nasema afadhali nilianzia nyumbani. Bila ile picha ya kwanza bingwa angekuwa na haki kabisa ya kuniambia nirudi baada ya mizunguko michache. Na afadhali sikumalizia nyumbani, kwa sababu huku kila nilichosema kiliandikwa mahali ambapo daktari anayefuata angekikuta. Hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji karatasi ya kwanza iambatane na ya pili.

Mdogo wangu wa kike yuko Tanzania na amepimwa majuzi, sentimita sita, kulia. Nimemwambia apige picha zile karatasi kwa simu, aandike pembeni tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na baada ya hedhi mbili tatu arudi kupimwa akiwa na ile ya kwanza mkononi. Nimemwambia pia asiseme tano. Daktari hakumwambia arudi. Alimwandikia dozi ya UTI.