Kati ya Marafiki Watatu wa Kipupwe, Mimi ni wa Mei

Maelezo ya picha za wino za Kichina hayana jipya: msonobari ni maisha marefu, mwanzi ni muungwana anayepinda bila kuvunjika, ua la mti wa mei ni usafi wa moyo. Wachina wenyewe huiita mimea hiyo Marafiki Watatu wa Kipupwe, nami sibishani nao. Kinachoniudhi ni kwamba tumeigeuza kuwa kamusi. Mtu akishajua maana, hatazami tena picha.

Mimi ni wa mei. (Wengi huuita plamu, ingawa kwa ukoo uko karibu zaidi na aprikoti.) Msonobari na mwanzi sifa yao ni kutopukutika; theluji inaanguka, wao kijani tu. Mei hupoteza kila jani, hubaki vijiti vikavu ungedhani ni kuni. Kisha kipupwe kinapoelekea ukingoni, jani hata moja halijarudi, unachanua.

Mchoraji Wang Mian aliyaelewa haya. Aliishi kati ya 1287 na 1359, wakati Wamongolia wa nasaba ya Yuan wakiitawala China. Alifeli mitihani ya utumishi wa serikali, akaachana na habari za vyeo, akaishi kwa kuuza picha. Katika picha yake moja iliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Kasri, Beijing, tawi jeusi linakatiza karatasi, na petali zake ni wino mwepesi kama maji yaliyosuuziwa brashi. Juu yake kaandika shairi: mei uliomea kando ya bwawa la kuoshea wino, kila ua lina alama hafifu ya wino, wala hautaki kusifiwa kwa rangi. Mtu aliyenyimwa cheo akisema hivyo, namwamini.

Halafu kuna vifaa. Wino wa zamani mara nyingi ulikuwa masizi ya msonobari yaliyochanganywa na gundi, na mpini wa brashi ni mwanzi. Yaani marafiki wawili wamo mkononi mwa mchoraji kabla hajagusa karatasi. Mei ndiye wa kuitwa.

Zhao Mengjian, wa karne ya 13, aliwachora wote watatu katika picha ndogo iliyoko Taipei. Sindano za msonobari na majani ya mwanzi ameyakoleza wino. Petali za mei amezizungushia mstari mwembamba tu, ndani akaacha karatasi tupu. Jicho langu huanzia hapo.