Dola ya kampuni Mirihi: ukifukuzwa kazi, unaenda wapi?

Dola ya angani inayoendeshwa na kampuni ni mgeni wa siku nyingi katika hadithi za kubuni, na ubishi juu yake tumeshauzoea. Upande mmoja unaiita utumwa wenye nembo. Upande wa pili unasema bila kampuni binadamu hatoki Duniani, na wanaolalamika wana wivu tu na wenye mitaji. Naandika kwa sababu upande wa kwanza, nionavyo, hujibiwa hoja ambayo haukuitoa. Huambiwa kwamba si kila mwajiri ni katili. Ni kweli, lakini nani alisema shida ni ukatili?

Watetezi wa kampuni nao wana la kusema. Wanaanga wa mwisho wa Apollo, mpango wa Marekani wa safari za Mwezini, waliondoka huko Desemba 1972, na nusu karne ikapita bila serikali yoyote kurudisha mguu wa mtu pale. Desemba 2015 SpaceX, kampuni binafsi, iliirusha roketi ikapeleka setilaiti kwenye obiti, kisha ikaishusha hatua yake ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayoweza kutumika tena, ikasimama wima ardhini, na hesabu ya gharama za safari za anga ikaanza kusomeka upya. Anayetoa fedha na kubeba hasara ana haki ya kupanga mambo. Tena mahali ambapo mlango mmoja ukifunguliwa vibaya wanakufa wote, si kila jambo linaweza kupigiwa kura.

Historia pia inawapa ushahidi ambao wapinzani huuruka. Baraza la kwanza la wawakilishi wa kuchaguliwa katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika lilikutana Jamestown mwaka 1619, chini ya Kampuni ya Virginia, iliyokuwa ikitafuta namna ya kuvutia walowezi. Mwaka 1630 viongozi wa Kampuni ya Massachusetts Bay walivuka bahari na hati yao ya kifalme mkononi, na mkutano wa wanahisa ukageuka hatua kwa hatua kuwa bunge la koloni. Kwa hiyo kampuni yaweza kuzaa serikali ya watu. Anayekataa hilo anabishana na kumbukumbu.

Ila wanahisa hao wa Massachusetts walihamia huko wenyewe. Waliotunga sheria waliishi chini ya sheria hizo, katika baridi ile ile. Kampuni ya India Mashariki ya Uingereza ilipopewa haki ya kukusanya kodi Bengal mwaka 1765, wenye hisa walibaki kwao wakisubiri gawio, na njaa kubwa ya 1770 ilipoingia, kodi iliendelea kukusanywa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji somo refu hapa. Kampuni ya Kijerumani ilichukua utawala wa pwani Agosti 1888, na wiki chache baadaye Abushiri na wenzake walikuwa wameshashika silaha; kufikia 1891 serikali ya Berlin ilikuwa imeichukua kazi hiyo. Ile ya Waingereza, iliyopata hati 1888, ilikabidhi eneo lake 1895 ikiwa imeishiwa fedha.

Tuje kwenye namba ninayoona haijapewa uzito wake: miezi 26. Dunia na Mirihi hulizunguka Jua kwa kasi tofauti, hivyo nafasi nzuri ya safari kati yake hujitokeza mara moja tu katika kila miezi 26 hivi, na safari yenyewe huchukua kati ya miezi sita na tisa. Watu huitaja namba hii kama jambo la wahandisi. Mimi naiona kuwa kifungu cha kwanza cha katiba ya dola hiyo, kiwe kimeandikwa au hakikuandikwa.

Tuseme fundi wa mitambo ya hewa anakataa kutia saini fomu inayosema chujio limebadilishwa, kwa kuwa halijabadilishwa. Jumatatu anafukuzwa. Chombo cha kurudi Dunia kiliondoka mwezi uliopita. Ana miezi 25 ya kusubiri, na mingine sita au zaidi njiani. Chumba anacholala ni cha mwajiri aliyemfukuza. Chakula kadhalika. Mtu mmoja huhitaji takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku, na kila gramu inatoka kwenye mtambo wa kampuni. Mtambo mdogo wa majaribio wa NASA, MOXIE, uliofikishwa Mirihi mwaka 2021, ulizalisha jumla ya gramu 122 katika majaribio 16. Hiyo ni hewa ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu hivi. Hewa huko ni bidhaa yenye gharama, na fundi wetu ataivuta kwa mkopo. Atakapopata kiti cha kurudi, deni lake litakuwa limefika wapi? Akitaka kumwandikia wakili Duniani, ujumbe unachukua dakika tatu mpaka 22 kufika, kutegemea umbali wa sayari hizo siku hiyo, na antena ni ya kampuni.

Katika kisa chote hicho sijamtia bosi mbaya hata mmoja. Meneja anaweza kuwa mtu mwema anayelinda ratiba. Hata marufuku ya mgomo itakuwa na mantiki, kwa sababu mafundi wa hewa wakigoma siku mbili wanakufa pia watoto wao. Watetezi hudai kwamba miezi 26 inawapa wafanyakazi nguvu, maana kampuni haiwezi kuleta watu wengine wa kushika nafasi zao. Hoja hiyo ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini nguvu ambayo ukiitumia unakosa pumzi wewe mwenyewe si ya kutegemea mezani.

Pullman, mji ambao kampuni ya mabehewa ilijijengea kando ya Chicago miaka ya 1880, ulikuwa na nyumba imara za matofali, bustani na maktaba. Wageni waliusifu. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, kampuni ilipunguza mishahara kwa wastani wa robo hivi lakini haikugusa kodi za nyumba zake. Mgomo ukaanza Mei 1894, na Julai Rais Grover Cleveland akapeleka jeshi Chicago. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Illinois ikaiamuru kampuni iachane na nyumba hizo. Palikuwa na mahakama ya kuamuru, na palikuwa na barabara ya kutokea. Vivyo hivyo Starbase, Texas, ambako Mei 2025 wakazi, wengi wao wafanyakazi wa SpaceX, walipiga kura 212 kwa 6 kuufanya mji kamili: anayechoka anapanda gari na kuondoka.

Watetezi husema sheria ipo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unazitaka nchi kuidhinisha na kusimamia kazi za kampuni zao angani, na nchi iliyosajili chombo hubaki na mamlaka juu ya chombo hicho na waliomo. Sawa, lakini masharti ya Starlink, huduma ya intaneti ya SpaceX, yameshawahi kubeba kifungu kinachosema Mirihi ni sayari huru isiyo chini ya serikali yoyote ya Duniani. Kifungu cha mkataba wa mteja hakiwezi kufuta mkataba wa mataifa, lakini kinaonyesha upepo unaelekea wapi. Isitoshe, kampuni ndiyo huchagua nchi ya kujisajili.

Ningekuwa natunga masharti ya makazi hayo, ningedai mambo matatu: antena isiyo mikononi mwa mwajiri, hewa isiyoandikwa kwenye deni la mtu, na kiti cha kurudi kilicholipiwa kabla ya kuondoka, fedha yake ikishikwa na mtu wa tatu Duniani. La kwanza kampuni italikubali bila shida. La pili italikubali kwa manung'uniko. Kiti ndicho watakachopigania, maana kila kiti kinachokaa kikisubiri ni tani za mzigo zilizoachwa. Ndiyo sababu ningeanza na kiti. Yale mawili ya kwanza bodi inaweza kuyafuta katika kikao kimoja, chombo kikishaondoka.